Jirani wa Juu Aliyekataa Kuapa

Binti yangu ameniambia, "Mama, andika, lakini usitaje majina ya watu." Sawa. Sitayataja. Lakini ijulikane kwamba ninayo yote kichwani. Jina la jirani yangu wa juu ninalijua, na la baba yake, na la babu yake aliyekuwa mfua vyuma, na hata la yule mbuzi wao aliyetafuna shela ya bibi harusi kule kambini Tanzania, tulikokimbilia wakati wa vita. Ninayaacha kwa heshima tu, na heshima yenyewe inanitoka kwa shida, maana kila nikiikumbuka siku ile ninasikia moto kifuani.

Mimi maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuchagua mtu. Nataka nieleweke vizuri hapo. Nilipokuwa bibi harusi mbichi kule Kongo tulipangwa mstari siku moja, tukaonyeshwa kadi mbili. Ya kijani ni ya kumkubali rais, nyekundu ni ya kumkataa, na karibu na ile nyekundu amesimama askari. Mume wangu akanibana kiwiko: chukua ya kijani twende, shamba linatungoja. Hiyo si kuchagua, hiyo ni kukimbilia shamba. Kisha vita. Miaka ambayo wenzetu nyumbani walipata kupiga kura ya kweli, sisi tulikuwa kambini, na mkimbizi hapigi kura popote. Kule alikotoka hayupo, na pale alipo si mwenyewe. Tulisikiliza matokeo redioni kama watu wanaosikiliza harusi ya jirani ukutani.

Ndiyo maana nilipofika Minnesota nikasema, huu uraia nitaupata hata kama nitaupata nikiwa nimeshika mkongojo. Shule yangu ni ya masista, darasa la tatu, basi. Lakini yale maswali mia ya serikali niliyashika yote nikiosha vyombo. Bwana aliyenihoji alikuwa hajamaliza kuuliza, mimi nimekwisha jibu. Siku ya kuapishwa, katika ukumbi mkubwa Saint Paul, kiti cha mbele yangu alikaa huyo huyo mama ninayemsema, aliyekuwa bado hajawa jirani yangu, muumini mwenzangu wa kanisani, mdogo wangu kwa miaka ishirini hivi. Tuliinua mikono ya kulia pamoja. Tulipotoka tukakuta mlangoni meza na akina mama wanaoandikisha wapiga kura. Tukajiandikisha pale pale, mimi na yeye, kalamu moja. Yeye aliandika anwani yake ya Fridley. Mimi niliandika ya Hopkins, nilikokuwa nikikaa kwa mwanangu wa kiume.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na sikujua kwamba ni kosa. Nilidhani jina likishaachwa serikalini, limeachwa. Kambini ukiandikwa umeandikwa. Ukihamishwa kijiji, kiongozi wa kijiji anakwenda na jina lako. Basi mwanangu alipopata kazi jimbo lingine, mimi nikahamia Fridley kwa binti yangu, chini hasa ya nyumba ya mama yule, na sikumwambia mtu yeyote wa serikali. Nani angeniambia? Binti yangu mwenyewe alikuja Amerika nyuma yangu, alikuwa bado hajawa raia. Jengo lile lote ni watu wetu, Wakongo mtupu, wananiita Koko, yaani bibi, lakini karibu wote walikuwa bado na kadi zao za kijani za ukaazi. Kijani tena! Rangi hii inanifuata.

Niseme pia habari ya kinu. Sombe ya huku, yaani majani ya muhogo, inauzwa imegandishwa, imesagwa na mashine, haina ladha hata kidogo. Lazima uitwange tena na vitunguu majani na karanga. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nakunja blanketi chini, naweka kinu juu yake, natwanga sombe ya Jumapili. Na kila Jumamosi, mchi ukianza tu, juu ya dari yangu gu! gu! gu! Mpini wa ufagio wa mama yule. Nikawa namsamehe, kwa sababu Jumapili baada ya ibada ndiye alikuwa wa kwanza kushuka na sahani yake. Kisha meneja wa jengo akabandika karatasi mlangoni kwetu: kuna malalamiko ya kelele, yakijirudia mtaandikiwa barua ya kuhama. Binti yangu akatetemeka, maana yeye ndiye mwenye mkataba wa nyumba. Tukajiuliza ni nani. Tukamshuku yule kijana wa ghorofani mwenye mbwa. Mimi hata nikaacha kumsalimia kijana wa watu.

Ikafika siku ya kura, Jumanne, mwaka wa kuchagua gavana na watu wa baraza la jimbo. Binti yangu anafanya kazi ya zamu katika nyumba ya wazee kule Coon Rapids. Anawageuza wazee kitandani usiku kucha, wawili wanafanya kazi ya watu wanne, na fedha za nyumba zile zinapangwa na hao hao wanaokaa Saint Paul. Katika nyumba yetu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na haki ya kuwaambia kitu. Kwa hiyo kura ile ilikuwa yangu, lakini haikuwa yangu tu. Nilivaa kitenge changu kipya na koti kubwa juu, na mchana, binti yangu alipoamka, akanipeleka kabla ya zamu yake inayoanza jioni.

Kituo kilikuwa katika ukumbi wa michezo wa shule. Mezani amekaa mama mzungu mwenye nywele nyeupe na miwani ya kamba, mpole sana, na upole wake ndio uliozidi kuniudhi. Akatazama kitambulisho changu. Hopkins. Akatafuta jina langu katika kitabu cha Fridley. Halimo. Binti yangu akawa anatafsiri.

"Anasema si neno, hapa unaweza kujiandikisha leo leo na ukapiga kura leo leo. Lakini lazima uonyeshe kwamba unakaa Fridley. Una bili ya umeme yenye jina lako?"

"Jina ni lako."

"Ya simu?"

"Si unalipa wewe?"

"Karatasi ya nyumba?"

Hiyo nayo ni yake. Umeme ninauwasha mimi, maji ninayaoga mimi, simu inalia katika mfuko wangu mimi, lakini kwenye karatasi sipo! Mzee akihamia kwa mtoto wake anageuka kitu cha nyumbani, kama kochi. Mtu wa umri wangu, niliyezaa, niliyezika, niliyevuka ziwa na watoto mgongoni, nasimama mbele ya meza naulizwa kama kweli ninalala pale ninapolala.

Yule mama mpole akasema tena. Binti yangu uso ukafunguka. "Mama, anasema kuna njia nyingine. Jirani aliyeandikishwa katika eneo hili hili, anayekujua, aje asaini kiapo hapa mbele yao kwamba unakaa pale. Basi, imekwisha."

Nikacheka kwa furaha. Kumbe Amerika nao wana akili! Kambini ndivyo ilivyokuwa, mtu akiulizwa unakaa wapi, jirani anajibu kabla yako. Na katika jengo letu aliyeandikishwa alikuwepo, mmoja tu, na tuliapishwa pamoja.

Tukarudi kumchukua. Tulimkuta jikoni, koti limetundikwa mlangoni na kile kibandiko chekundu cha waliopiga kura kinang'aa kifuani pake, kwa sababu yeye alikuwa ameamkia huko asubuhi. Hakukataa. Njia nzima ndani ya gari alikuwa anaimba. "Koko leo anapiga kura, haleluya!" Mimi nami namwitikia, mjinga mimi.

Akawekewa karatasi mbele yake. Akavaa miwani, akaanza kusoma akifuata kwa kidole. Kidole kikafika mahali, kikasimama. Akaweka kalamu chini.

"Koko," akasema, "hii ni kuapa."

"Ndiyo, ni kuapa. Saini."

"Siwezi. Tumekatazwa. Tusiape kwa mbingu wala kwa dunia wala kwa kichwa chetu. Wewe mwenyewe ulikuwepo mchungaji alipofundisha."

"Alikuwa anasema watu wanaoapa uongo!"

"Hapana. Alisema tusiape kabisa. Kabisa ni kabisa."

Binti yangu akajaribu. "Dada, ni anwani tu. Hawakuombi roho yako."

"Leo anwani, kesho wataniomba nini?"

Jamani, damu ilipanda. Watu nyuma yetu wamepanga mstari, mimi sikuwaona. "We mwana wa watu," nikamwambia, "ulipopasuliwa tumbo ni nani alikupikia uji? Jumapili unakula sombe yangu mpaka unalamba mwiko, Jumanne hunijui?"

"Ninakujua, Koko! Sikatai kukujua. Ninakataa kuapa."

"Na ule mkono uliouinua Saint Paul? Nilikuwa nyuma yako, niliuona. Ulikuwa juu mpaka kwapa linaonekana. Pale uliapa nini, hadithi?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama kwangu. "Siku ile sikuapa."

"Hukuapa?"

"Nilichezesha midomo tu. Sauti haikutoka. Mungu ni shahidi."

Binti yangu akajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mimi sikucheka. "Ulichezesha midomo! Mbele ya hakimu! Bendera imesimama pale, watu wanalia, wewe unachezesha midomo kama samaki!"

"Punguza sauti, Koko, tafadhali! Watanirudisha!"

"Nipunguze ya nini? Hapa nani anasikia Kiswahili?"

Kwenye mstari, bwana mmoja mwenye sare za hospitali akakohoa. "Mimi nasikia, shosho," akasema, na kwa kuniita bibi kwa hiyo 'shosho' yake tukajua ni Mkenya. "Lakini endeleeni tu. Sijasikia kitu."

Yule mama wa mezani akauliza kuna shida gani. Binti yangu akamweleza, maskini, akiwa ameona haya. Mama mpole akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyasikia hayo zamani. Akasema sheria inajua kwamba wapo watu ambao dini yao haiwaruhusu kuapa. Mtu kama huyo haapi. Anasema tu kwamba analolisema ni kweli, anasaini, na akidanganya sheria itamshika vile vile. Akaonyesha kwenye karatasi mahali palipoandikwa hivyo.

Nikadhani yamekwisha. Wapi! Jirani yangu akasema lazima kwanza amuulize mchungaji. Akapiga simu. Mchungaji wetu ni mtu wa kiwandani, siku za kazi simu yake inalala kabatini na koti lake. Akapiga tena. Akapiga tena. Binti yangu akatazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi, na nikajua neno analotaka kulisema kabla hajalisema.

"Mama, twende. Nitachelewa kazini. Utapiga mwaka mwingine."

Mwaka mwingine! Niwaulize nyinyi mnaosoma, mimi niliyetoka kwenye kadi ya kijani na askari, nikapita kambini, nikashika maswali mia nikiosha sufuria, mwaka mwingine ninao mfukoni? Nikavuta kiti cha mtu, nikakaa. Nikafunga kitenge vizuri kiunoni. Nikamwambia binti yangu, "Wewe nenda kazini. Mimi watanifungia humu."

Ndipo nikamgeukia jirani yangu. Sikupiga kelele tena. Nilimsemesha kwa ile sauti ndogo ya kumuulizia mtoto sukari imekwenda wapi.

"Jumamosi asubuhi, unapogonga sakafu na ufagio, huwa unamgongea nani?"

Akaanza kuipiga tena namba ya mchungaji.

"Nakuuliza. Unamgongea nani?"

"Koko, hayo si ya hapa."

"Chini ya sakafu yako kuna nani?"

"Si unajua mwenyewe."

"Mimi najua. Wewe ndiye ninayetaka kukusikia. Kuna nani?"

"Kuna... kuna bibi anatwanga."

"Labda anapita tu, huyo bibi. Labda ni mgeni. Anatwanga akaenda zake kwao Hopkins."

Nilikuwa nimemgusa penyewe. Uso ulibadilika. Yeye ana kabati la sahani za kauri alizonunua moja moja, anazipenda kuliko macho yake. "Mgeni?" akasema, na sauti ikapanda yenyewe. "Mgeni gani anatwanga kila Jumamosi tangu majira ya joto? Sahani zangu zinacheza kabatini! Moja imepasuka ukingo! Anakaa pale, nani asiyejua kwamba anakaa pale? Mimi mpaka kwa meneja nimekwenda nikamwambia, huyu bibi wa chini—"

Akajishtukia. Mkono mdomoni.

Kumbe ni yeye! Mimi ninamnunia kijana wa mbwa, kumbe karatasi ya mlangoni imeletwa Jumamosi na mtu anayekula kwangu Jumapili! Binti yangu alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Neno lilikuwa limenijaa mpaka kwenye meno, na nililimeza, na kulimeza kulikuwa kama kumeza jiwe la moto. Nikajiambia, saini kwanza. Saini kwanza, bibi, mengine baadaye.

"Basi mwambie huyu mama hayo hayo," nikasema. "Usiape. Mwambie tu ulichomwambia meneja."

Akamgeukia yule mama wa mezani, akamwambia kwa Kiingereza chake, akinyoosha kidole kwangu: huyu, anakaa chini yangu, siku zote, kelele nyingi. Mama mpole akamuuliza, ni kweli? Akajibu, kweli. Akaulizwa tena, kweli? "Kweli kabisa," akasema kwa Kiswahili, amesahau.

"Kabisa ni kabisa," nikamwambia.

Akasaini.

Nami nikapewa karatasi ya kujiandikisha upya, anwani ya Fridley, na mahali pa kutia sahihi yangu. Niliiandika polepole, herufi zote, majina yangu matatu, sikuacha hata moja. Kisha nikapewa karatasi ya kura yenyewe, kubwa, pande mbili. Binti yangu akaruhusiwa kusimama nami akinisomea kwa sauti ya chini. Majina mengi niliyajua tayari kwa kuyaona kwenye vibao vilivyochomekwa katika bustani za watu, na yule niliyemtaka kwa ajili ya nyumba za wazee nilimjua jina lake na la mkewe. Nilijaza vile viduara kwa wino mweusi, nikivijaza mpaka ukingoni kama mtu anayemimina mafuta. Hakuna aliyenibana kiwiko. Hakukuwa na askari. Nilipoiingiza karatasi kwenye mashine ikaivuta yenyewe, nikabaki nimeshika hewa.

Ningefurahi sana kama nisingekuwa na hasira.

Maana nilikuwa ninawaza hivi, na bado ninawaza. Huyu mtu alipotaka kunishtaki, hakuna aliyemwekea karatasi. Hakuna aliyemuuliza kama anaapa au anathibitisha. Hakumpigia mchungaji simu. Alivaa viatu vyake akaenda kwa meneja, akasema bibi wa chini, na meneja akaamini siku ile ile, karatasi ikabandikwa mlangoni kwetu. Kwa kelele zangu nilikuwa mkaazi kamili. Kwa kura yangu nikawa mgeni anayehitaji shahidi, na shahidi mwenyewe dhamiri ikamuamkia pale pale mezani. Dhamiri gani hiyo inayolala Jumamosi na kuamka Jumanne?

Nje theluji nyepesi ilikuwa inaanza, ile inayoyeyuka kabla haijafika chini. Tulipofunga milango ya gari nikamwambia jirani yangu, "Sasa mwanangu. Tuzungumze habari ya meneja."

"Koko, zilikuwa sahani tu."

"Mkataba wa nyumba ni wa binti yangu. Tungefukuzwa, sahani zako zingetupikia?"

"Nilikosa."

"Ungekuja kunigongea mlango. Kwenda na kurudi ni ngazi moja. Kwa meneja ni mpaka uvae koti."

Binti yangu akaendesha. Kwenye kiti cha nyuma nikamsikia jirani yangu anavuta pumzi za kulia, na sikugeuka.

Jumamosi iliyofuata nilikunja blanketi, mara hii mablanketi mawili, maana sahani ni za mtu na kupasuka kwake kunauma. Nikaweka kinu. Nikatwanga. Muda ukapita, juu kimya. Nikasema moyoni, amejifunza. Kisha, gu! gu! Taratibu, lakini gu! gu!

Nikasimamisha mchi, nikainua uso kwenye dari. "Ndiyo!" nikamwitikia kwa sauti yangu yote. "Ninakaa hapa! Umesaini mwenyewe!"

Ufagio ukanyamaza.

Jumapili baada ya ibada alishuka na sahani yake, ile iliyopasuka ukingo, nadhani aliichagua makusudi nione. Nikampakulia. Nusu mwiko.